Konokono, fundi anayeuhamisha mtaa kabla bahari haijaufikia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, mwanamke mmoja amesimama juu ya kigoda akifungua bawaba za mlango wa watu. Mwenye mlango, mwalimu mstaafu, ameushikilia kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mgonjwa.

"Taratibu, Fundi," anasihi. "Kwa mlango huu nilimwingiza bibi harusi."

"Basi utamwingiza tena, Mwalimu. Safari hii bila mahari."

Mke wa mwalimu, anayefunga vyombo ndani, anacheka mpaka anakaa chini.

Fundi hacheki. Anaandika namba kwa chaki ubavuni mwa mlango, kisha kwenye fremu, kisha kwenye daftari lake. Kila boriti, kila dirisha na kila bati lina namba yake, ili nyumba ikifika kilimani irudi ilivyokuwa.

Mtaani wanamwita Konokono. Ana miaka arobaini na sita, ni mama wa watoto wawili, na useremala aliurithi kwa marehemu baba yake. Kwa miaka minne amehamisha nyumba thelathini na moja kutoka ufukweni hadi kwenye mwinuko, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

"Konokono hubeba nyumba yake," anasema. "Mimi nabeba za wenzangu."

Zamani bahari ilikuwa na adabu. Mwamba wa matumbawe uliyavunja mawimbi mbali, na watu walisikia ngurumo tu, kama mtu anayekung'uta mikeka. Kisha ikaja miaka miwili ya joto mfululizo. Matumbawe yakageuka meupe, yakafa, yakaanza kumeguka. Mawimbi yakapata njia.

Uwanja wa mpira ulitangulia kuliwa. Ikafuata barabara, halafu nyumba.

Jiko la mama yake lilianguka mchana kweupe, siku ya maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Mama alikuwa ametoka kununua kiberiti. "Angekuwa ndani, leo tungekuwa tunaongea mengine," anasema Konokono.

Lakini mama, mwenye miaka sabini na minne, alikataa katakata kuhama. Vyumba viwili vimebaki, alisema, na yeye ni mtu mmoja. Binti alibembeleza. Alileta mwenyekiti wa mtaa, naye akarudi amefyata mkia. Mwishowe, asubuhi moja, Konokono alikuja na mtaimbo akang'oa mlango wa mbele bila ruhusa.

Mama hakugomba. Alivuta kiti, akaketi pale palipokuwa na mlango, asibanduke.

"Ilipofika alasiri niliurudisha mwenyewe," Konokono anakumbuka. "Nilijiona mwizi."

Alikuwa akipigilia msumari wa mwisho mama aliposema: "Huko juu nitaamkiana na nani?"

Hapo ndipo alipoelewa. Kwa miaka arobaini mama yake alipakana ukuta na shoga yake, mjane ambaye mtaa mzima unamwita Bi Redio kwa kuwa habari hazimpiti. Kila asubuhi, aliyetangulia kuamka aligonga ukuta mara tatu, na mwenzake akajibu. Huko kilimani viwanja vilikuwa vimegawanywa kwa kura: jirani huku, jirani kule. Wazee wawili walikwisha kurudi ufukweni kulala kwenye magofu yao.

"Kumbe nilikuwa nahamisha mabati," anasema. "Sikuwa nahamisha mtaa."

Akaenda kwa kamati ya mtaa kuomba viwanja vifuate mpangilio wa zamani. Vikao vitatu vilivunjika kwa kelele. Waliopata viwanja karibu na barabara hawakutaka kusikia. Konokono akaahidi kuzihamisha upya nyumba mbili za waliolalamika zaidi, bila malipo. Kikao cha nne, familia kumi na moja zikabadilishana viwanja.

Kisha, kwa makusudi, akamhamisha Bi Redio kwanza.

Mama alijikaza siku nne. Ya tano akapiga simu: "Wewe, njoo na nyundo yako. Nimegonga ukuta mpaka vidole vinauma, hakuna wa kunijibu."

Leo mabibi hao wanapakana tena. "Nilimwambia fundi ukuta wa katikati aufanye mwembamba," anasema Bi Redio. "Masikio yetu si ya jana."

Kazi yenyewe si lelemama. Misumari imeliwa na chumvi, mbao nyingine zinapukutika mkononi. Mwaka jana boriti ilimwangukia ikamvunja mfupa wa bega, na kwa miezi miwili hakuinua hata patasi. Ujira wake ni kama nusu ya anachopata fundi wa mjini. Wasio na kitu humlipa kwa siku za kubeba mchanga.

Kila Alhamisi anafanya kazi nyingine. Hufyatua matofali ya zege yenye matundu, ambayo wapiga mbizi huyashusha chini ya bahari na kuyapandikiza vipande vya matumbawe yaliyostahimili joto. Mtaalamu wa bahari anayesimamia kazi hiyo hamfichi mtu: mwamba utachukua miaka mingi kukua, na bahari ikizidi kupata joto, kupanda peke yake hakutatosha.

Juzi walimvisha miwani ya maji wakampeleka kuona matofali ya kwanza, yaliyotimiza miaka miwili.

"Niliona vipembe vimeota, kama vidole vya mtoto mchanga," anasema. "Na samaki wadogo wanapita katikati wakijidai kwao. Nikasahau nilipo, nikacheka. Nikanywa maji ya chumvi kikombe kizima!"

Zimebaki nyumba tisa. Anataka kuzimaliza kabla ya bamvua kubwa za mwakani. Baada ya hapo kuna shule ya msingi, hatua sitini tu kutoka ukingoni. Kamati imemwomba akadirie gharama za kuihamisha.

Vipimo ameshachukua, darasa kwa darasa.

"Vipo, nimevikunja nikaviweka," anasema, macho yakiwa kwenye maji. "Lakini matofali yangu yapo kule chini yanaota. Namwomba Mungu hii shule nije kuipaka rangi tu, hapa hapa ilipo."