Kona za Kushoto za Gari la Mama

Kwanza ilikuja sauti. Ka-ka-ka-ka-ka, kavu na ya haraka, kama mtoto anayepitisha fimbo kwenye nondo za geti. Ilianzia kwenye kona ya duka la mangi, ikaruka ukuta wetu, ikaingia sebuleni ambako mimi na kaka tulikuwa tunakunywa chai. Gari lenyewe lilichelewa kidogo kuonekana.

"Mama huyo," kaka alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Na mtaa mzima umeshajua."

Nilichungulia dirishani. Gari dogo la rangi ya fedha liliingia taratibu, na nyuma ya usukani alikaa mama, shingo imenyooka, mikono yote miwili imeshika pale walipomfundisha kushika, uso wake uso wa mtu ambaye hajasikia kitu. Alizima injini. Hakushuka mara moja. Alibaki mle ndani na ule ukimya, kana kwamba alikuwa anaupumua.

Mama alikuwa amestaafu ualimu. Baba, enzi za uhai wake, alikuwa na pikapu, na safari zote mama alikaa upande wa abiria. Alizoea kusema kwamba hata yeye alikuwa anaendesha, ila kwa mguu mmoja tu, akikanyaga breki ambayo haikuwepo. Alipostaafu alijiandikisha shule ya udereva, akakaa darasani na vijana waliomwita bibi mpaka siku ya mtihani, na siku ya mtihani wakamwita mama. Alifaulu. Kisha akaenda yadi moja upande wa Kinondoni, wanakouza magari yaliyotumika Japani, akachagua hilo dogo la rangi ya fedha. Alilichagua, alisema, kwa sababu lilikuwa limeegeshwa pembeni peke yake, limekaa kimya kama mwanafunzi mgeni.

Ukimya ule uliisha kwenye kona ya kwanza ya kushoto baada ya kutoka kwenye geti la yadi. Akikata kulia, hakuna kitu. Akienda moja kwa moja, hakuna kitu. Akikata kushoto, ka-ka-ka-ka-ka.

Alirudi yadi siku hiyohiyo. Kijana aliyemuuzia alilizunguka gari, akainama, akagonga tairi kwa ncha ya kiatu, akainuka akitabasamu.

"Gari haina shida, mama. Ni namna ya kukata kona. Unazungusha usukani mpaka mwisho. Utazoea."

Maneno hayo yalimwingia mama mahali pabaya kuliko kelele yenyewe. Kelele ilikuwa ya gari, lakini maneno yale yaliihamishia mikononi mwake. Fundi wa jirani hakutaka kugusa gari lililotoka yadi juzijuzi, akasema lirudishwe kwa wenyewe. Majirani, ambao hawakuwa na gari hata mmoja, walikubaliana na kijana wa yadi. Kaka naye alikubaliana, na kaka aliendesha gari kila siku kutoka kwake Boko mpaka ofisini mjini, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Asubuhi moja nilimkuta mama jikoni amesimama mbele ya karo, ameshika sinia kwa mikono miwili kama usukani, analizungusha polepole kuelekea kushoto. Aliponiona aliliweka chini akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ndipo alipoanza kulipanga upya jiji. Kwenda kanisani ni kona mbili za kushoto, mwendo wa nusu ya wimbo tu. Sasa tulizunguka. Tulikata kulia, na kulia, na kulia tena, tukisubiri malori ya Barabara ya Kilwa yapite huku nyuma yetu watu wakipiga honi na bodaboda wakichungulia dirishani waone ni nani huyu. Mama hakuwajibu. Alikuwa amegundua kwamba kona tatu za kulia zinakufikisha kulekule inakokupeleka moja ya kushoto, na aliuishi ugunduzi huo kwa uvumilivu wa mtu anayefunga saumu. Tulipita mitaa ya Mtoni ambayo sikuwahi kujua kwamba ipo. Niliona nyuma za nyumba, vibanda vya chipsi, nguo za watu kwenye kamba, yote kwa sababu ya kelele moja.

Kigamboni tu ndiko kulikomshinda. Kule alikaa mdogo wake, mama yangu mdogo, aliyekuwa mtu wa kwanza kuahidiwa kutembelewa. Mama alikuwa ameikokotoa njia nzima kichwani mara nyingi, na kila alipofika karibu na kwa mdogo wake alikuta kona ya kushoto isiyozungukika inamsubiri, pembeni yake kijiwe cha watu wenye masikio na midomo.

"Utakuja lini na hilo gari?" mama mdogo aliuliza kwenye simu. "Au ni gari la kwenye picha?"

"Nakuja. Acha nizoee."

"Unazoea gari au unazoea kunidanganya?"

Jumamosi ile mama alipoingia na sauti, amechoka kuzunguka, kaka alisubiri amalize kunawa, kisha akaweka simu mezani.

"Mama, nipe funguo. Siyo kwa ubaya. Tutaliuza, na mie nitakuwa nakutumia teksi popote unapotaka. Utaenda kwa mama mdogo leo hii ukitaka."

Mama alijifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Nipe mpaka jioni," alisema. "Naenda yadi. Nikirudi bado linalia, funguo ni zako, na sitauliza tena." Kisha akanigeukia. "Wewe, vaa viatu."

Sasa lazima nieleze jambo moja kuhusu kijana wa yadi. Alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyokuwa inatushinda. Kila tulipoenda na malalamiko yetu, alituona tangu getini, akaja akiwa ameinamisha kichwa kidogo, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine. "Shikamoo mama." Na mama, aliyepokea shikamoo za watoto wa shule maisha yake yote, angejibu, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Basi hapohapo alikuwa amekwisha. Kijana angeulizia nyumbani, angeulizia miguu yake, angeleta maji ya baridi na kiti chenye mto. Atamgombezaje mtu aliyemwita mwanangu sasa hivi? Malalamiko aliyoyapanga njia nzima yalitoka mdomoni yakiwa yamelainika kama biskuti iliyokaa kwenye chai. "Lile gari, baba, bado kidogo linapiga kelele." Naye angesema, "Utazoea, mama yangu," na tungeondoka tukiwa tumeshukuru.

Mama hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu. Alituambia tangu tukiwa wadogo kwamba kuiacha ni kumwacha mwenzako amenyoosha mkono hewani. Hata waliomkosea alijibu.

Njiani kwenda Kinondoni mama alikata kona zote za kushoto. Hakukwepa hata moja. Ka-ka-ka tukapita watu wa vituoni, ka-ka-ka tukapita trafiki aliyetugeukia, na nilipomtazama mama niliona midomo yake inahesabu, kama anayekariri.

Pale yadi, chini ya turubai, kulikuwa na benchi refu. Sisi tulioenda mara nyingi tulilijua: lilikuwa benchi la wenye malalamiko. Siku hiyo lilikuwa na mzee mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ambacho dirisha lake la dereva liligoma kupanda. "Mvua ikinyesha," alikuwa anamweleza dada aliyekaa pembeni yake, "mie nalowana kuliko mchicha." Yule dada alikuwa amenunua gari ambalo kila asubuhi likiwashwa linaongea Kijapani. "Sijui linanisalimia," alisema, "sijui linanitukana. Na mimi kila siku naliambia poa."

Kijana wa yadi alikuja, shati jeupe, kichwa kimeinama.

"Shikamoo mama."

Mama alimtazama. Alisimama na mkoba wake mbele, na hakusema kitu.

Kijana alidhani hajasikika. Akasogea, akapandisha sauti. "Mama, shikamoo."

Mazungumzo ya benchi yalikatika. Mwosha magari aliyekuwa nyuma alishika ndoo isigonge. Niliona rangi ya uso wa kijana ikibadilika, na tabasamu lake likibaki pale pale bila mwenyewe, na mimi nilitaka nijibu kwa niaba ya mama ili tu hewa irudi.

"Amekusikia, kijana," mzee wa kirikuu alisema taratibu. "Masikio yake hayana shida."

"Nimeisikia," mama alisema. "Nitaipokea tukirudi. Chukua funguo, uendeshe wewe. Mie nitakaa nyuma."

"Mama, mbona hata maji hujanywa? Karibu kwanza ukae."

"Uendeshe wewe."

Kijana alikaa kwenye usukani. Nilikaa nyuma na mama. Mzee wa kirikuu, bila kualikwa na mtu, alifungua mlango wa mbele akaketi upande wa abiria, akafunga mkanda. "Nyie endeleeni," alisema. "Mie nipo kama shahidi."

Getini kijana aliwasha indiketa ya kulia.

"Kushoto," mama alisema.

Ilikuwa sauti yake ya darasani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu astaafu. Kijana alizima indiketa, akawasha nyingine, akazungusha usukani. Ka-ka-ka-ka-ka.

"Usizungushe mpaka mwisho," mzee alimshauri.

"Kushoto tena," mama alisema.

Safari hii kijana aliushika usukani kwa ncha za vidole, akaingia kwenye kona polepole kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Kelele nayo ikaja polepole. Ka. Ka. Ka. Ka.

"Labda ni umri," mzee alisema, akatazama nje ya dirisha. "Utazoea."

Niliuma kanga ya mama ili nisicheke. Mama hakucheka. Alisema kushoto kwenye kila kona iliyofuata, mpaka tukawa tumezunguka na kurudi kwenye geti la yadi. Kijana alizima injini. Alibaki ameshika usukani.

"Ni sivi jointi, mama," alisema. "Kile kiungo cha mbele kinachozungusha tairi. Kimekwisha."

"Umejua lini?"

"Siku ile ya kwanza uliporudi. Nilisikia ukiingia getini."

"Kwa nini ukasema ni mikono yangu?"

Kijana alichomoa funguo. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye shingo, na nadhani halikuwa la joto. "Ndivyo tunavyoambiwa kusema. Wengi wakiambiwa hivyo hawarudi."

"Wanaacha kuendesha," mama alisema.

Kijana alishuka, akaenda kwenye ofisi yenye vioo. Tulimwona akizungumza na bosi, mikono yake ikizungusha usukani ambao haukuwepo, kushoto, kushoto, kushoto. Bosi alitikisa kichwa. Kijana akaonyesha kwa kidole kule tulikokuwa, ambako sasa benchi zima lilikuwa limesimama likitazama kioo. Bosi alitutazama, kisha akainua simu.

Kijana alirudi. "Fundi anakuja sasa hivi. Kinabadilishwa leo, kipya, na ni juu yetu. Hamwondoki mpaka mama ajaribu mwenyewe."

Mama alihamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda ule. Alipumua, pumzi ndefu iliyoshusha mabega yake, na nikajua kwamba alikuwa ameibeba pumzi hiyo tangu siku aliyonunua gari.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Hiyo marahaba imekuja na meli," mzee wa kirikuu alisema, "kama magari yao." Benchi likacheka, na kijana naye akacheka, wa mwisho. Kisha mzee akamshika bega. "Sasa twende kwenye dirisha langu."

Jioni mama aliendesha kurudi nyumbani, na sikumbuki safari tamu kuliko ile. Alikata kushoto hata pasipohitajika. Aliingia mtaa fulani kwa kushoto, akautoka kwa kushoto, akazunguka uwanja wa shule aliyofundisha kwa kushoto tupu. Kila kona tuliacha kupumua, tukasikiliza, na tulichosikia ni indiketa, tik, tik, tik, na mchanga chini ya tairi. Kwenye kona ya nne alianza kuimba kwa sauti ndogo. Mwanga wa jioni ulikuwa umelala juu ya mabati ya Mtoni, na mikono yake kwenye usukani ilikuwa mikono ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Kona ya duka la mangi tuliipita kimya. Kaka alikuwa amekaa barazani, ametugeuzia mgongo, na hakugeuka mpaka tulipokuwa tumeshashuka na mama anapanda ngazi. Alishtuka, chai ikamwagika kwenye sahani.

"Mmerudi na teksi?" aliuliza.

Mama alinyanyua funguo kwa kidole kimoja, akaziacha zining'inie. Kaka aliinuka, akachungulia, akaliona gari uani. Alirudi kukaa polepole. Niliona anatafuta la kusema, na kwa heshima yake lazima niseme kwamba alilipata.

"Hongera, mama."

"Ahsante, baba."

Mama aliingia chumbani, akatoka amevaa kitenge chake cha sherehe, mkononi mfuko wa maembe mabichi ambayo mama mdogo anayapenda kwa chumvi na pilipili.

"Unakwenda wapi jioni hii?" kaka aliuliza. Tulikuwa tumeshaingia sebuleni, na mkono wake, kwa mazoea tu, ulikuwa umenyooka kuelekea kwenye funguo alizoshika mama. "Kama ni Kigamboni, subiri nikupeleke."

"Maliza chai yako," mama alisema, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.