Kipimo Kilichosifu Maji ya Dagaa

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo hapa Tabora, nikingoja dawa ya kuku, akaingia mama mwenye nyumba ya wageni kule Mtendeni. Pale mapokezi ameweka tangi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe na samaki wa baharini. Wageni wakishuka treni hulipiga picha kabla hata ya kuuliza chumba.

"Shikamoo, mama," muuzaji akasema.

"Marahaba. Kipimo cha maji ulichoniuzia kilisema maji ya tangi ni safi mpaka samaki wakaelea matumbo juu. Leo sinunui kabla ya kujaribu."

Muuzaji akachukua kipimo dirishani, kinapopigwa jua kutwa ili wapita njia wakione. Mama akafungua chupa aliyokuja nayo. Harufu ilimtoa mteja mmoja nje.

"Haya maji gani, mama?"

"Nimeloweka dagaa tangu Jumapili. Pima."

Muuzaji akamimina kidogo kwenye kichupa cha kipimo, akadondoshea dawa, akatikisa, akalinganisha rangi na kadi. Mkono mmoja ulishika kichupa, wa pili ulibana pua.

"Njano," akasema kwa sauti ya puani. "Maji safi kabisa."

Mama hakucheka. Akaomba kipimo kilichofungwa stoo, kisichojua jua la kuharibu dawa. Hicho kikageuka kijani, rangi ya sumu, naye akakinunua.

Tangu siku hiyo, nikisomewa kikaoni taarifa kwamba mambo yote ni safi, natazama kwanza mkono wa pili wa msomaji uko wapi.