Hariri ya Mkwe Mwema

Nani asiyemjua Ruo kijijini kwetu? Kila bibi harusi huambiwa amwige. Mimi niliyekaa ukuta mmoja naye, nikisikia hivyo natamani kutema mate.

Mumewe alikuwa mpakani kaskazini, jeshini, naye akabaki kumtunza baba mkwe, Mzee Kuang. Alimwosha miguu, alimpoozea uji wa mtama, na hakuketi mzee akiwa amesimama. Kwao alibakiwa na mtu mmoja tu, mdogo wake Heng, mchungaji wa fahali wa serikali tuliyekuwa tukilimia kwa zamu.

Siku moja Heng alipokwenda kula, Mzee Kuang alimchukua fahali bila kumwambia mtu. Alitaka kupandisha mawe kilimani, alijenge upya kaburi la babake. Akamchapa mnyama mpaka akaanguka, akafa. Mzee akarudi na kamba, akaitia motoni mbele ya Ruo.

"Fahali amekufa. Wewe hukuona kitu."

Jioni ile ile Heng akakamatwa, maana fahali alikuwa chini ya ulinzi wake. Haya yote Ruo alinisimulia baadaye, mzee ameshazikwa.

Kwetu mtoto akimshtaki mzazi, mashtaka hayasikilizwi na mtoto huuawa. Mkwe naye ni mtoto. Alichoruhusiwa Ruo ni kupiga magoti na kumsihi kwa sauti ya chini, mara tatu. Mzazi akikataa, unalia, unamfuata.

Alianza na wakati wa uji. "Baba, nisamehe. Heng hana kosa. Ukisema mwenyewe, hakimu ataziheshimu mvi zako. Si ulikuwa unalihudumia kaburi?"

"Uji umepoa," mzee akasema.

Akarudia akimwosha miguu. "Baba, kwetu hakuna mwingine. Nani atawapelekea wazazi wangu chakula kaburini?"

"Wewe umeolewa. Wazazi wako ni sisi. Sugua kisigino hicho."

Asubuhi ya hukumu alimshika pindo la kanzu mlangoni, hawezi hata kusema, analia tu. Mzee naye akatokwa machozi, hilo simnyimi.

"Mwanangu, nikifungwa mimi, baba yangu atatambikiwa na nani?"

Akavaa kofia, akatoka. Ruo akamfuata.

Heng alinyolewa kichwa, akavishwa pete ya chuma shingoni, aende kifungoni kuponda udongo wa kujengea ukuta wa serikali. Kile chuma alikivumilia. Kilichomliza ni nywele.

"Nywele hizi alinipa mama! Nitamtokea vipi huko aliko, na kipara?"

Hakimu, ili tusirudi nyumbani na aibu tupu, akauliza ni nani kijijini mwenye adabu ya kuigwa. Mzee Kuang akasimama. "Mkwe wangu. Hajaniaibisha hata siku moja."

"Mkwe ndiye huyo!" mke wa mfinyanzi akapaza sauti. "Wangu mimi hata maji hanipi mpaka nikohoe!"

Watu wakacheka. Ruo akapewa kipande cha hariri nyeupe, akaweka paji la uso chini, akashukuru. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Heng na kuanza kumfunga ile hariri kichwani. Nyeupe kwetu ni rangi ya msiba. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Dada, ya nini hii?"

"Nimetuzwa."

"Kwa lipi?"

Ruo akalikaza fundo, likalegea, akalifunga upya. Heng akamtazama, akamtazama na Mzee Kuang aliyekuwa ameinamisha uso nyuma ya Ruo, na mawe mapya ya lile kaburi yalionekana wazi kule kilimani. Akaelewa. Angeweza kupiga kelele. Lakini shahidi wake angekuwa nani, kama si dada yake?

Akamwinamia mzee kwa heshima zote, chuma shingoni, akamwambia polepole, "Mzee, huyu usimchape kama ulivyomchapa yule fahali."

Askari wakamwondoa Heng. Hakurudi tena. Jioni Ruo alipika uji wa mtama, akaupooza, akampelekea mzee kwa mikono miwili.