Gemu la Pili na Mtu Niliyemdhani Mtani

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikianza sitaki mtu anikatize. Haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mimi mwenyewe, Singida mjini, mchana wa Ijumaa jua likiwa utosini, na ndiyo sababu mpaka leo sina rafiki.

Rafiki mwenyewe alikuwa Hamisi. Tulisoma madrasa pamoja, tukatahiriwa pamoja, na serikali ilipofungulia biashara huria, kompyuta za mitumba zikaanza kuingia, tukafungua pamoja duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Wateja walikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo muda mwingi tulicheza gemu. Lilikuwa gemu la vita, la kutumia akili: unajenga mji, unalima, unaunda jeshi, unamvamia mwenzako. Tulianza na la kwanza. Baadaye Hamisi akaenda Arusha akarudi na sidii ya la pili, na hapo ndipo amani ilipotutoka.

Mimi nilisema la kwanza ndilo gemu. Askari wasipolishwa wanakufa njaa, kwa hiyo lazima uwaze shamba kabla ya mkuki. La pili chakula kinajileta chenyewe, halafu eti unaweza kupatana na adui mkagawana mpaka. Vita gani hivyo? Hamisi akasema napenda la kwanza kwa sababu ndilo pekee ninaloweza kumshinda. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana iliniuma. Utaniuliza, watu wazima mnagombana kwa gemu? Ndiyo, wiki tatu nzima, mpaka tukafika kutukaniana wazazi. Ijumaa hiyo adhana ikaita, Hamisi akachukua kofia yake, akaniambia, "Twende tukaswali, tutabishana baadaye." Nikamwambia atangulie na gemu lake. Nikabaki dukani nimevimba, mlango nimeurudishia nusu.

Sijui yule mtu aliingia saa ngapi. Niligeuka nikamkuta kakaa kwenye kiti cha Hamisi, mtu wa makamo, shati jeupe, anacheza lile la pili. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia marahaba. Akasema, kwa lafudhi ya Kisukuma kabisa, "Mnyaturu, mtumwa wangu, nani kakununisha?"

Sasa hapa ndipo nilipokosea, sikiliza vizuri. Sisi Wanyaturu na Wasukuma ni watani. Mtani anaweza kukuita mtumwa, akakuomba hata mke, ukamwambia chukua, na kesho mke yuko jikoni kwako anapika. Neno la utani halishiki. Basi mimi niliposikia lafudhi tu nikatosheka. Sikumwuliza katoka wapi wala ni wa nani. Nikamjibu, "Mtumwa ni wewe, babu yako tulimnunua kwa debe la uwele."

Hakucheka. Mtani asiyecheka, hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini hasira hasara, na mimi bado nilikuwa na Hamisi moyoni.

"Huyu aliyetoka ni nani wako?" akauliza.

"Rafiki yangu. Mbishi huyo, ananiumiza kichwa."

"Nipe mimi."

"Mchukue. Mchukue na mdomo wake, asinisemeshe tena."

"Umetoa?"

"Nimetoa."

Akainuka, kioo cha kompyuta kikawa cheusi, akapita palipokuwa wazi mlangoni. Nilipomfuata barazani, barabara ilikuwa tupu huku na huku. Nikarudi ndani, ndipo nikaona feni imesimama. Mashine ya kusaga ya jirani nayo kimya. Nikamwuliza msagaji, akasema umeme ulikatika kabla ya adhana na haujarudi. Sasa niambie, yule mtu alikuwa anacheza gemu kwa umeme gani?

Hamisi akarudi kutoka msikitini. Nilikuwa nimesimama mbele yake kama ulivyo wewe hapo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwuliza msagaji, "Mwenzangu kaenda wapi?" Msagaji akamwambia si huyo hapo. Hamisi akaona anafanyiwa mzaha. Nikamwita. Nikamshika bega, akajikuna.

Tangu siku ile hanioni wala hanisikii, ila wengine wote anawaona. Masheikh walisoma dua, wazee wake wakatafuta waganga mpaka Iramba, wapi. Watu wakimwambia nipo ananuna. Anasema nilimtoroka, nikamwachia duka bila hata kumuaga. Hilo ndilo linaloniua: anaamini nilimkimbia kwa ajili ya gemu.

Mama yake alipofariki nilikwenda kuzika, maana mama yule alinilisha tangu utotoni. Tulipokezana jeneza, bega langu nyuma ya lake. Baada ya maziko tukapanga mstari kumpa mkono wa pole. Akaupokea mkono wa aliyenitangulia, akaupokea wa aliyenifuata. Mimi nikabaki nimeunyoosha wangu, watu wananitazama.

Kwa hiyo nakuonya, na usinitolee macho. Mtu akikutania, mwulize kwanza ni wa wapi na wa nani. Na ukiwa umekasirika na mwenzako usimtoe kwa mtu, hata kwa mzaha, hata kwa mtani wa kweli. Mkimbilie msikitini umkute bado anakusikia. Mimi nimemwomba Hamisi radhi mara nyingi kuliko tulivyocheza, na hajasikia hata moja.