Madafu ya Bi Mwanarusi

Nyale ana mdomo, na ndio uliomuuzia madafu hapa barabara ya Mtongwe, Likoni, kuliko hata panga lake. Mimi nakaanga viazi karai ubavuni pake, kwa hivyo maneno yake nayajua yote. Kila apitaye huambiwa dafu ni dawa ya figo, linazisafisha. Nikawa namwita daktari mbele ya wateja, naye akifurahi, maskini.

Mteja wake wa kila asubuhi alikuwa Shaza, anayemuuguza mamake, Bi Mwanarusi. Bibi huyo moyo wake ni dhaifu, na figo nazo zimechoka. Nyale ndiye aliyemshauri Shaza ampe mamake madafu mawili kila siku, juu ya vidonge vya hospitali. Shaza akashika ushauri ule kama sheria.

Mwaka huu Nyale mwenyewe akaanza kuvimba miguu, akipanda ngazi mbili anahema. Kliniki wakampa vidonge vya moyo. Juzi alikwenda kuchukua majibu ya damu, akarudi kimya, na Nyale akinyamaza ujue kuna jambo. Jana asubuhi Shaza akaja na chupa yake. Nyale akavuta gunia akafunika madafu. "Yamekwisha, mwanangu," akasema. Leo akaja tena, akaambiwa vile vile, na chini ya gunia madafu yamejaa tele.

Shaza alipoondoka nikaweka mwiko chini. "Wewe mzee una wazimu? Wafukuza mteja kwa nini?"

Alilivuta lile gunia likafunika vizuri zaidi. Kisha akaniambia. Daktari alimuuliza anakunywa nini, naye kwa majivuno akajibu madafu, asubuhi na jioni. Akaelezwa kwamba kimoja kati ya vidonge vyake vya moyo huzuia madini ya potasiamu yasitoke mwilini. Figo nzima huhimili, ila zake zimechoka, haziwezi kuyatoa, na dafu limejaa madini hayo hayo. Yakizidi kwenye damu, moyo hupiga ovyo, hata unaweza kusimama. Wakampunguzia kile kidonge, wakamkataza madafu.

"Na Bi Mwanarusi ameza kidonge kile kile, Kanze. Shaza alinionyesha."

"Mbona hukumwambia?"

"Naona haya. Nimwambie vipi kwamba mamake namuua mimi?"

Wallahi, nilitaka kumpiga na ule mwiko. Nilizima jiko, nikamshika mkono kama mtoto mtoro, nikamburura hadi nyumbani kwa Bi Mwanarusi. Njia nzima akiniambia twende pole pole, pumzi hazimtoshi. Nusu ilikuwa kweli.

Bi Mwanarusi tulimkuta ameegemea mto, rangi imempotea. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mbali. Tangu jana miguu haimbebi, akasema. Shaza alikuwa anammiminia dafu kwenye gilasi.

"Yako yamekwisha siku hizi, mzee," akamwambia Nyale, bila ubaya wowote. "Nanunua kule kivukoni. Ila mama asema si matamu kama yako."

Nyale alimpokonya ile gilasi. Dafu likamwagika mkekani. Ndipo akasema yote, kwa kigugumizi, mtu ambaye hajawahi kukosa neno. Shaza akachukua simu akaita tuktuk, akamvisha mamake buibui, akakusanya vile vidonge kwenye mkoba ili daktari avione. Hakupiga kelele. Alipomaliza ndipo alipogeuka.

"Umelijua lini hili?"

Nilimwona Nyale akitafuta uongo. Angeweza kusema leo, wala nisingemuumbua.

"Juzi," akasema. "Jana nilipokwambia yamekwisha, nilikuwa najua. Na leo pia."

Shaza akautia mkoba begani, akatufungulia mlango. Tulimtegemeza Bi Mwanarusi, mimi upande huu, Nyale upande ule, tukamtoa mlangoni hatua kwa hatua. Tulipofika kwenye tuktuk, yule bibi alimshika Nyale mkono, akamtazama usoni, na sauti yake ilikuwa ya upole, heri ingekuwa ya matusi.

"Nami kila nikilinywa dafu lako," akamwambia, "nilikuwa nakuombea dua."