Radhi ya Bi Mahfudha kwa Bwana Jamaldin

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Mahfudha binti Faraj aliandika risiti katika duka la mapazia la Bwana Jamaldin, pale Makadara, na hakuna hata moja aliyoiandika akiwa amesimama. Risiti aliikalia kitako. Aliweka karatasi ya kaboni, akainyoosha kwa kiganja, akaandika bei, akaandika ushuru chini ya bei, kisha akatia jina lake kamili kwa herufi za kulala alizofundishwa na marehemu babake, Mwalimu Faraj. Wateja wenye haraka walikwenda maduka mengine. Waliobaki walijua kwamba jina hilo likiwa pale chini, pazia halitachuja rangi na hesabu haitakuwa na walakini.

Alipostaafu, Jamaldin alimpa saa ya ukutani na seti ya mapazia, wakaagana kwa wema. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki, watoto wana kwao. Bi Mahfudha akabaki na nyumba ya Kibokoni, jina la babake, na nafasi ya kutosha ya kulilinda.

Miaka miwili baadaye jirani yake, Mwanakuu, alinunua mapazia katika duka lile lile, akaja kuyaonyesha. Bi Mahfudha hakuyatazama. Alitazama risiti.

"Shoga, hii umeipata lini?"

"Leo asubuhi. Nimeona jina lako, nikasema huyu amerudi kazini asinambie. Nimenuna njia nzima."

Jina lilikuwa Mahfudha Faraj, naam, lakini limeandikwa kama na mtu aliyekuwa akifukuzwa. Mstari wa ushuru haukuwepo. Nambari ya risiti ilikuwa mia na tatu, na Bi Mahfudha alipoondoka dukani nambari zilikuwa zimepita elfu themanini. Hakuhitaji kuelezwa. Kulikuwa na kitabu cha pili, kisichofika kwa watu wa ushuru, na kitabu hicho kilikuwa kikitembea mjini kwa jina lake.

Kwa siku tatu alizunguka mtaani. Aliulizia kwa werevu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, akapata nyumba kumi na moja zenye risiti za namna hiyo. Siku serikali itakapozikusanya, itamtafuta nani? Itamtafuta binti wa Mwalimu Faraj, aliyesomesha nusu ya Kibokoni kutosema uongo.

Akavaa buibui lake jipya, akaenda ofisi ya ushuru.

Aliyempokea ni afisa mmoja mpole aitwaye Baya. Alimvutia kiti, akamwambia, "Mama, si lazima utaje jina lako. Taarifa kama hizi tunaziweka siri."

"Mwanangu, wasiotaja jina ni wasio na kwao. Andika: Mahfudha binti Faraj bin Fuad, wa Kibokoni."

Baya akaandika. "Una ugomvi na huyu bwana?"

"Hata kidogo. Ni mtu mwema. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia maziko."

"Sasa unamshtaki nini?"

"Anaiba kwa jina langu, tena kwa mwandiko mbaya."

Baya akaliandika la kwanza, la pili akaliacha. Mwishowe akaweka kalamu chini. "Tutakwenda dukani wenyewe. Nakuomba jambo moja tu, mama. Usimwambie mtu yeyote, asije akavichoma vitabu. Vikichomwa, kitakachobaki ni risiti zenye jina lako, na sina cha kuonyesha kwamba si wewe."

Bi Mahfudha alimwahidi, na ahadi yake ilikuwa ya kweli. Kilichomponza ni Umra.

Alikuwa asafiri mwisho wa mwezi, na msafiri wa Umra haondoki Mji wa Kale bila kuwaaga watu na kuwaomba radhi. Hupita nyumba kwa nyumba. Husema, nimekuja kuomba radhi, na mwenye nyumba hujibu, nimekusamehe duniani na akhera, kabla hata hajafikiri amekosewa nini. Kisha huletwa kahawa. Bi Mahfudha alikuwa na orodha, na katika orodha hiyo Jamaldin alikuwa wa saba. Kumruka hakuwezekani, alikula mkate wake miaka ishirini na miwili. Tena alikuwa amemsema nyuma ya mgongo wake. Kumsema mtu barazani ni kosa la kuombewa radhi. Kumsema ofisini, yakaandikwa, yakapigwa muhuri, hakuona vipi liwe kosa dogo zaidi.

Jumanne baada ya alasiri alibisha hodi kwa Jamaldin. Mkewe, Bi Nabiha, alimkaribisha ukumbini, akaleta kahawa na kaimati.

"Nimekuja kuomba radhi, Bwana Jamaldin."

"Nimekusamehe, Bi Mahfudha, duniani na akhera. Utuombee na sisi huko."

"Hujanisikiliza."

"Sina haja ya kusikiliza. Wewe una kosa gani? Onja kaimati."

"Nimekushtaki kwa watu wa ushuru."

Jamaldin alikuwa ametia kaimati kinywani. Ilimchukua muda kuimeza. Akamgeukia mkewe kama anayetafuta shahidi, na shahidi alikuwepo.

"Ushasamehe," alisema Bi Nabiha. "Duniani na akhera. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Nilidhani ni yale mabaki ya vitambaa aliyokuwa akishonea mito."

"Hayo nayo unisamehe," alisema Bi Mahfudha, akafungua mkoba na kuitoa risiti ya Mwanakuu. "Huu ni mwandiko wangu?"

Jamaldin hakuhitaji miwani. "Ni wa Hussam."

Hussam ni mume wa binti yake, aliyepewa kazi ya risiti baada ya Bi Mahfudha kustaafu.

"Hussam hana jina?"

"Analo, lakini nani analijua? Mteja akiona lako haulizi mstari wa ushuru uko wapi. Wallahi, Bi Mahfudha, mimi niliona nakutia heshima."

"Heshima hiyo ungeitia kwa jina la babako."

Jamaldin akainuka. Alisema ana shughuli kidogo ndani. Hapo ndipo Bi Mahfudha alipomkumbuka Baya na ombi lake. Kwa adabu zake alikuwa amempa mtu kiberiti. Vitabu vikiungua leo, kesho litabaki jina lake peke yake, katika nyumba kumi na moja.

Hakujua kupiga kelele, hakufunzwa. Alikaa tu, akaweka kikombe chini na kusema, "Mimi siondoki hapa, Bwana Jamaldin, mpaka nivione vitabu hivyo. Ndege yangu ni siku kumi zijazo. Nafasi ninayo."

Bi Nabiha aliutazama mkoba wa mgeni, akamtazama mumewe, akaingia chumbani kabla yake. Alirudi akikokota sanduku la bati.

"Mwaka mzima naambiwa chini ya kitanda muna nyaraka za urithi," alisema. "Kumbe nalala juu ya jina la watu. Lichukueni, mulipeleke linakotakiwa. Na wewe, vaa kanzu safi."

Wakaenda na tuktuk, Jamaldin upande huu, Bi Mahfudha upande ule, sanduku katikati, wote wawili wakilishika kila gari lilipoyumba. Mlangoni pa ofisi Jamaldin alimpisha apite mbele.

Baya alipowaona pamoja alishika kichwa. "Mama, nilikuomba usimwambie mtu."

"Sikwenda kumwambia, mwanangu. Nilikwenda kumwomba radhi."

Baya akalifungua sanduku. Vitabu vilikuwa vinne, vyote kamili. Hesabu ilichukua wiki, na Jamaldin akapangiwa kulipa kidogo kidogo kwa muda mrefu usiopendeza. Lakini Bi Mahfudha hakungoja wiki. Siku ile ile alitaka Jamaldin aandike, mbele ya afisa, kwamba jina lake lilitumiwa bila idhini wala habari yake. Jamaldin akaandika mistari miwili. Bi Mahfudha akaisoma, akamrudishia, akamtaka amtaje babake kwa cheo chake cha Mwalimu. Ikapigwa muhuri, akapewa nakala.

Siku zilizobaki alizitumia kuomba radhi. Zile nyumba kumi na moja alizipitia zote, hata nne alizokuwa amekwisha kuzipitia, kwa kuwa, alisema, mtu hajui amekosea nini tangu juzi. Watu walimsamehe mlangoni kama ilivyo desturi. Aliwashukuru, akaingia, akakaa, akaitoa karatasi mkobani na kumpa mwenye nyumba. Kahawa ilipoletwa hakuigusa, mpaka mwenye nyumba amesoma akafika kwenye muhuri.