Ng'ombe wa Kiingereza

Harufu ya zizi lililonyeshewa hunirudisha Mwandoya, kwenye msimu wa mvua nilipokuwa darasa la sita na dada yangu Minza. Yeye alikuwa mkubwa kwangu, ila alichelewa kuanza shule kwa sababu baba hakuwa na mtoto wa kiume wa kuchunga. Mwaka ule ndama mmoja alikufa, na mama yake akagoma kutoa maziwa. Baba akaijaza ngozi ya ndama majani makavu, akaisimamisha mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akainusa, akalia kwa sauti nzito ya kifuani, ndipo maziwa yakashuka. Minza ndiye aliyemkamua asubuhi ile, kisha tukakimbilia shule.

Siku hiyo mwalimu alitufundisha milio ya wanyama kwa Kiingereza. Ng'ombe, alisema, hulia “moo”, nasi tukaimba pamoja. Minza akanyoosha kidole. “Mwalimu, hiyo ni ya kuita ndama, au ile ya kunusa damu alipochinjwa mwenzake?” Darasa likacheka, na mwalimu akaona amefanyiwa mzaha. Kuuliza si ujinga, tulifundishwa darasani humohumo, lakini Minza alichapwa mbele yetu. Jioni mwalimu akapita nyumbani. “Mzee, huyu binti akili yake iko zizini. Shuleni anapoteza muda.” Baba alikuwa na posa ya Minza kutoka kijiji cha Kimali, na alichokuwa akingoja ni mtu wa kumsemea neno kama hilo. Mama alilalamika, akaambiwa anyamaze. Kabla pamba haijavunwa, ng'ombe wa mahari waliingia zizini kwetu, wakalia kutwa nzima wakitafuta njia ya kwao. Minza aliondoka bila kulia.

Ng'ombe hao ndio waliouzwa nikasoma sekondari, na uchungu wa jambo hilo haujanitoka. Leo naishi Bariadi mjini, na binti yangu yuko shule ya Kiingereza, ambako mtoto akiuliza swali hupigiwa makofi. Juzi Minza alikuja kutibiwa macho, akafikia kwangu. Binti yangu akaketi karibu naye, kitabu chake cha picha mkononi.

“Mama mkubwa, ng'ombe kwa Kiingereza analiaje?”

“Mimi sijui, mwanangu,” Minza akamjibu. “Muulize mama yako. Yeye ndiye tuliyemsomesha.”